Kiatu cha Kapiteni Mukeke

Kwa miaka ishirini na tisa nimemwita baba yangu mwongo mbele ya watu. Sababu ni kiatu.

Zamani za Zaire, ndugu wawili wa Kalemie walichapa gazeti la michoro, *Kapiteni Mukeke*, namba ishirini na nne kwa jumla. Ninazo ishirini na tatu. Namba sita inaisha Kapiteni akimezwa na mamba, viatu vyote viwili miguuni. Namba nane inaanza yuko ufukoni na kiatu kimoja, na anachechemea hivyo hadi mwisho. Kilichotokea katikati kimo katika namba saba, na namba saba yetu ililiwa na mchwa tulipokimbilia Tanzania, kabla sijajua kusoma.

Baba aliisoma. Ananiambia mamba alikivaa kile kiatu kichwani kama kofia, akaenda nacho harusini. Nilimwuliza kambini, nikamwuliza tuliporudi Baraka, nikamwuliza siku ya ndoa yangu: jibu lile lile. Mimi nina diploma ya biolojia. Mamba haendi harusini. Na baba ana miaka themanini na moja. Nilitaka kumkamata na uongo wake akiwa bado mzima.

Hapa Baraka tuko wakusanyaji sita, na hakimu wetu ni Dieumerci, mnunuzi wa dhahabu wa Misisi. Yeye hupima magazeti kwa karati, kwa kuwa hakijui kipimo kingine cha kuaminika. Hushuka na pikipiki, huvaa lenzi yake jichoni, hunusa karatasi, hukagua pini kama ana kesi nazo. Namba moja yangu aliipa karati ishirini na mbili. Mbili zilikatwa kwa kutu. Jumapili ile niliketi benchi la mbele kanisani.

Basi mwezi wa tatu nikasikia kwamba Félicité, mwenye duka la fotokopi, amerithi namba saba kutoka kwa mjomba wake. Nilitoka na aproni kiunoni. Dieumerci alikuwa mjini, nikampitia njiani.

Félicité akaiweka mezani. Alikuwa ameichana karatasi moja moja, zote kumi na sita, na kila moja ameipitisha katika mashine yake ya plastiki ya moto. Simlaumu. Kwetu kitu ukikipenda unakiplastifie: kadi ya uchaguzi, cheti cha ubatizo, hata diploma yangu iko hivyo.

Dieumerci alivua lenzi polepole.

"Hii ni maiti," akasema. "Karati zero."

"Maiti gani inang'aa hivi?" Félicité akamwuliza.

Kisha akataja anachotaka. Alitaka namba moja yangu, hiyo hiyo ya karati ishirini na mbili, na hakutaka kingine.

Dieumerci akanivuta pembeni. "Mama Fanny, makumi mbili na mbili kwa zero? Si we ni mwalimu wa hesabu?"

"Wa biolojia," nikamjibu, nikaenda kuichukua.

Niliporudi, Félicité aliigeuza namba moja huku na huku, akaiangalia mashine yake kwa namna ambayo Dieumerci hakuipenda. Dieumerci akachomoa waya ukutani, akaukalia. Nikabeba namba saba, nikawaacha hapo.

Njiani sikuchungulia mwisho. Nilitaka uso wa baba niuone vizuri.

Alikuwa uani anakula sombe ya majani ya muhogo. Nilivuta kiti mbele yake nikamsomea kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kama mwendesha mashtaka. Nikafika ukurasa wa thelathini na mbili, nyuma ya karatasi ya mwisho. Mamba amevaa suti. Mkono wake umeshikwa na bibi harusi, kiboko mwenye shela. Kichwani kwa mamba, kimekaa sawasawa, kiatu. Nyuma yao Kapiteni amebeba mkia wa shela, mguu mmoja mtupu.

Nilisoma mara tatu. Baba alianza kutikisika mabega, halafu tumbo, halafu sahani, na sombe yote na mawese yake ikamwagika juu ya gazeti. Nami nikashikwa na kicheko hadi nikateleza kitini.

Gazeti la kawaida lingekufa pale pale. Hili nililitia katika beseni la sabuni, nikalisuuza, nikalibana kwenye kamba kwa mfuatano, kati ya suruali za baba.

Mama Samira wa jirani alikuja kuomba chumvi, akanasa kwenye karatasi ya kwanza. Wakaja wengine. Unasoma upande wa mbele, unainama kupita chini ya suruali, unasoma upande wa nyuma, unarudi. Kufikia saa kumi jioni uani kwangu watu walikuwa wanainama na kuinuka kama kwaya iliyopotea hatua.

Dieumerci naye akafika, na waya wa Félicité mfukoni. Alimwona Kapiteni anachuruzika maji, akafumba macho. Kisha akaenda moja kwa moja karatasi ya mwisho, akaigeuza, akacheka hadi lenzi ikaanguka ndani ya beseni.

Baba alikuwa amehamishia kiti chake hapo hapo mwisho wa kamba. Kila aliyemaliza kusoma, baba alimshika mkono, akanionyesha kwa kidole.

"Mutoto yangu yule alisema mi ni muongo," aliwaambia. "Na iko na diploma."