Juu Yangu, Chini ya Wengine

Tangu mtambo wa kuchimba mafuta usimame kwenye shamba la ngano la Orlin Tveit, watu wa mji mdogo wa Hegdal walianza kucheka utani wake, hata ule usiochekesha. Hongera hakupewa. Katika pembe ile ya Dakota Kaskazini, kumuuliza mtu habari za utajiri wake ni sawa na kumwambia avue shati kanisani. Basi hawakuuliza, naye hakujibu. Uongo wake wote ulikuwa huo, kunyamaza tu, na wao wakauita unyenyekevu.

Kwao ardhi ina juu na chini, na kila upande huuzwa peke yake. Miaka kumi na miwili nyuma, mvua ya mawe ilipolaza ngano kwa mwaka wa pili mfululizo, dalali mmoja mwenye viatu safi alikuja akanunua chini yote, mafuta na gesi. Orlin alitia sahihi juu ya boneti ya gari, akijiambia huko chini hamna kitu ila udongo. Lakini baba yake alikuwa amewausia yeye na dada yake, Ardis, kwamba chochote kitakachotoka chini, nusu ni ya Ardis. Haikuandikwa popote. Kuandikishana mkataba na ndugu yako wa damu kungekuwa kumtukana, kwa hiyo Orlin aliitikia kwa kichwa na mambo yakaishia hapo.

Jumapili moja baada ya ibada, watu wakinywa kahawa katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Ardis alimjia na sahani ya keki, uso umemchangamka.

"Nimeacha kazi," alisema.

"Kazi gani?"

"Kwani ninazo ngapi? Ya kupika pale shuleni. Ijumaa nimempa mkuu barua. Miaka ishirini na sita ya kuponda viazi, magoti hayana hamu na mimi. Akanikumbatia, na yule mama hata mumewe hamkumbatii!"

Orlin alikiweka kikombe chake mezani. "Ungeniuliza kwanza, dada."

"Nikuulize nini? Mtambo siuoni? Najua hupendi kuyasema haya, wala sitaki makubwa. Nataka kukaa chini tu."

"Niliuza."

"Uliuza nini?"

"Chini. Yote. Ule mwaka wa mvua ya mawe. Mafuta ni ya wenyewe, mimi nimebakiwa na vumbi la malori yao."

Ardis hakupiga kelele. Aliweka sahani mezani, akanyoosha uma ulioelekea upande.

"Na nusu yangu?"

"Nayo."

"Nafasi yangu kule jikoni shuleni wameshampa Jorunn," alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Mchungaji akawafikia, kikombe mkononi. "Akina Tveit wawili kona moja! Mnagawana nini hapa?"

"Keki, Mchungaji," Ardis akacheka. "Mengine sisi hatuyasemi."

Mchungaji naye akacheka, akampiga Orlin begani, akaenda zake. Orlin alitamani sakafu ipasuke immeze. Amemdhulumu dada yake, na dada huyohuyo ndiye anayemfunika. Hilo hakuweza kulivumilia. Akasimama.

"Jamani," alisema kwa sauti, "mtambo ule si wangu. Chini niliuza zamani, na sehemu ya Ardis pia, bila kumwambia. Naye ameacha kazi akitegemea pesa ya mafuta."

Kila mtu alitazama ndani ya kikombe chake. Kisha mama mmoja akasema kahawa bado ipo.

Orlin aliketi akijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alipumua hadi mwisho, akamgeukia dada yake akitumaini neno moja zuri. Ardis alikuwa amewiva uso kwa aibu hadi shingoni, tayari anavaa koti.

"Mimi nilikuwa nimekusitiri," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kesho ningesema nyumbani kunanichosha, nikaomba kazi nyingine, na hakuna ambaye angejua. Sasa wote wanajua nilikuwa nimekaa nangojea pesa zako. Umejitua mzigo, mdogo wangu, ukanitwika mimi."

Akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipite katikati ya meza za watu.