Kaka Aliyetoka Ufaransa

Petronila alikuwa akimenya mihogo ya wageni wa kuanua matanga Bwana Rogeri alipoingia uani, amevaa chuma mwili mzima, magugu ya ziwa yakining'inia begani. Alikuwa amekufa huko Ufaransa miaka mia nane iliyopita. Alisema alitembea chini ya maji mpaka kisiwa cha Rukuba, akajifunza Kiswahili kwa wavuvi, kisha akatokea Musoma na kupanda gari la Butiama.

"Unatafuta nani?" Petronila aliuliza.

"Nyumba isiyo na mtoto wa kiume."

Petronila alimsogezea kiti cha plastiki, akaongeza maji kwenye sufuria.

Chini ya turubai, Mugeta na Kwangu walikuwa wakigombania mali ya marehemu kaka yao, Mzee Mniko: nyumba ya bati, shamba na ng'ombe. Petronila, mtoto wake wa pekee, alikuwa amemuuguza miaka sita na kulilima shamba hilo peke yake. Aliomba aachiwe nyumba tu. Aliomba kwa sauti ndogo, mara mbili.

"Wewe ni wa kuolewa," Mugeta alimjibu. "Nyumba ya nini?"

Bwana Rogeri akaeleza maisha yake. Alirithi ngome na vijiji vitatu akiwa na miaka tisa, akapigana vita vya watu wengine, akafa kwa homa bila mtoto wa kiume. Binamu yake akachukua vyote.

"Pole, mura," Kwangu alisema. "Ukoo wako nani?"

"Uliisha."

"Mwanaume hakosi ukoo. Tutakupa wetu." Akamgeukia Mugeta. "Bora achukue huyu kuliko wewe."

"Na bora huyu kuliko wewe, mlevi."

Hivyo wakapatana. Wakampa fimbo ya marehemu na jina lake, awe mwanawe wa kiume.

Petronila alimpelekea ugali, akapiga goti.

"Kaka, hukuwa na binti?"

"Nilikuwaga naye. Walimtoa nje kabla udongo wa kaburi langu haujakauka."

"Ukamsaidiaje?"

"Nilikuwa nimekufa."

"Na leo?"

Bwana Rogeri alimega tonge. "Leo nina ng'ombe."

Akataka wengine. Huko Suguti kulikuwa na mgane, Mzee Nicolaus, ambaye Petronila alikuwa amekataa kuolewa naye wakati baba yake angali hai. Sasa mwenye kusema ndiyo alikuwa kaka.

Jumamosi ng'ombe wa mahari wakafika. Bwana Rogeri aliwapapasa mbavu mmoja mmoja, chuma kikilia, akamrudisha ndama aliyekuwa akichechemea. Wakati wakisubiri aletwe mwingine, Petronila alikaa juu ya sanduku lake nje ya uzio, jua likimpiga. Hakuna aliyemwita kivulini. Aliinuka mara moja tu, akarudi ndani kumwonyesha kaka yake ni ng'ombe yupi hupiga teke akikamuliwa.