Neno Lililofuata Sauf

Maître Casimir, wakili mzee, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba:

"Jugement haiko, Simone. Nilitafuta mara tatu. Ambia mama yako akusanye bintu."

Simone, karani wake kwa miaka sita, alitazama saa ya ukutani. Saa nne mahakama ingeamua kama mama yake, Mado, anabaki kwenye nyumba yake ya mtaa wa Katuba au anamwachia Musonda, ambaye baba yake aliivamia mwaka 1992, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, Mado akiwemo, walipofukuzwa Katanga kwa treni. Mado alirudi, akashtaki, akarudishiwa nyumba mwaka 1996. Nakala yake ya hukumu, hiyo jugement, ilioza kwa mvua. Ile ya mahakama, Mungu ndiye anajua iko wapi: mwaka huu wa 2015 mkoa wa Katanga unakatwa vipande vinne, na majalada yanarundikwa kwenye malori kama mihogo. Kilichobaki ni hifadhi ya hukumu kwenye kompyuta, na Maître haruhusu mtu mwingine aiguse.

Alipotoka kwenda kuvaa joho, Simone alikalia kiti chake. Kwenye kisanduku cha kutafutia, mzee alikuwa ameandika:

(Katanga OU Shaba) ET Katuba ET maison SAUF refoulés

Mwanzo, tuseme ukweli, ulikuwa mzuri. OU, yaani au, huleta jina lolote kati ya mawili, maana enzi zile mkoa uliitwa Shaba. ET, yaani na, hudai maneno yote yawepo, hata maison, nyumba. Lakini SAUF, yaani isipokuwa, hufukuza kila ukurasa wenye neno linalofuata, na refoulés ndilo jina walilopachikwa waliofukuzwa. Mjinga gani anamtafuta mtu huku amemfungia mlango? Alifuta maneno mawili ya mwisho. Hukumu arobaini na moja zikatokea. Akaongeza majina yote ya mama yake ndani ya alama za kunukuu, yatafutwe pamoja jinsi yalivyo. Ikabaki moja, akaichapisha.

Casimir aliporudi, Simone hakuinuka.

"Maître, refoulés ulibafukuza juu ya nini?"

"Ni formule yangu ya siku zote, niliihifadhi. Banajaza écran ya kompyuta, na habari yabo ni moja tu."

"Mama yangu iko mu bale bantu. Unajua. Dossier yake ya kesi iko mu mikono yako."

Casimir alikohoa, akanyoosha mkono apewe karatasi. Simone aliikumbatia kifuani.

"Futa kwanza ile formule."

Akainama juu ya kibodi, akaifuta kwenye fomula alizohifadhi, mbele ya karani wake.

Kabla ya adhuhuri Musonda alikuwa ameshindwa. Kwenye ngazi za mahakama Mado aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ilikuwa imefichama wapi?"

"Nyuma ya neno moja, mama. Sauf."

Mado alikaza kitenge kiunoni. Hakutabasamu.

"Ile neno naijua. Pa gare ya treni, mu quatre-vingt-douze, mwaka balitufukuza, balisema vile vile. Bote babakie, sauf ninyi."