Mtoto Hununa Tu

Kitabu kilikuwa na picha ya mtoto aliyekasirika mpaka uso ukaiva kama nyanya. Kurasa zilizofuata zilimfundisha kusema, "Nimekasirika," kisha kupuliza pumzi taratibu kama anayepoza uji. Mwalimu Zipporah alilisomea darasa lake la chekechea pale Butali kitabu hicho hadi watoto wakakikariri. Aliyekishika zaidi alikuwa Nafula. Zamani mtoto huyo akinyang'anywa kalamu alirusha mawe. Sasa alisimama, akasema, akapuliza, akaketi. Zipporah alifurahi kimoyomoyo. Ijumaa akamwazima kitabu aende nacho nyumbani.

Jumatatu Nafula hakuja. Alikuja mama yake, Jescah, kitabu amekiviringisha ndani ya leso kama kitu kinachoambukiza.

"Shika kitu yako, mwalimu."

"Kuna nini, Mama Nafula?"

Jescah alikaa kwenye kistuli cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Jumapili walipata wageni. Mumewe, Osiako, akamchinja kuku wa Nafula, yule aliyepewa na nyanyake angali kifaranga. Obusuma, ugali wa kwao, na nyama vilipotengwa, mtoto akaenda akasimama mbele ya babake. "Baba, nimekasirika." Kisha akampulizia usoni.

"Wageni wakacheka, mwalimu. Mmoja akasema, 'Osiako, kumbe boma imepata mwenyewe!' Hapo ndipo ikaharibika. Hakumpiga juu ya kuku. Alimpiga juu ya kile kicheko."

"Lakini mtoto alisema tu vile—"

"Mtoto hakasirikangi! Mtoto ananunanga. Anaenda nyuma ya jikoni, ananuna, njaa ikimshika anarudi. Hasira ni ya mwenye boma. Kwani wewe si wa hapa?"

Zipporah alikuwa wa hapa. Yeye mwenyewe alinunia nyuma ya jikoni utoto wake wote. Uzuri wa zile picha ndio uliomsahaulisha. Hakuwahi kuwaambia watoto neno lile huambiwa nani.

"Nitakuja niongee naye."

"Usije. Ukija atajua nimekwambia. Amesema akisikia hiyo maneno tena, Nafula anaenda Musanda kwa nyanyake, na shule iishe."

Kesho yake Osiako mwenyewe alimleta mtoto, akielekea kukata miwa. Panga aliliacha nje, kofia akaivua mlangoni. Alikuwa mpole, sauti yake ya chini. Miguu ya Nafula ilikuwa na michirizi iliyovimba.

"Salimia mwalimu. Mwambie unasikiaje leo."

Nafula alimtazama babake kwanza. Kisha akatabasamu, meno yote nje.

"Nimefurahi."

"Umeona, mwalimu? Mtoto ni kumfunza mapema."

Zipporah aliitazama ile miguu. Akafikiria Musanda.

"Asante, Baba Nafula," akasema.

Nyuma yake darasa zima likampigia Nafula makofi, kama alivyowazoesha yeye mwenyewe kumpigia kila mtoto anayetaja anavyojisikia.