Tumbawe la Kaka

Msusi alikuwa na hakika kwamba wifi yake ndiye anayeliua tumbawe. Ushahidi hakuwa nao, lakini macho alikuwa nayo, na macho yale, wateja wenyewe walisema, yanaona chawa kabla hajaanguliwa.

Tumbawe lenyewe, kiumbe hai wa baharini, lilikuwa kipande laini, rangi ya chai ya maziwa, kilichokatwa kwenye tangi la samaki la marehemu kaka yake. Kaka hakuacha mtoto. Aliacha mke, na tangi la maji ya chumvi alilolihangaikia kuliko afya yake. Baada ya msiba wifi akampa msusi kile kipande, pamoja na samaki wadogo na mawe. "Shika, wifi, na wewe uwe na chake."

Msusi akanunua tangi jipya, akaliweka saluni. Kwa kaka tumbawe lilikuwa limechanua, limejaa vidole vinavyochezacheza. Hapa likanywea, likainamisha kichwa, likawa kama soksi iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Sasa wewe fikiria. Wifi anakuja kila asubuhi. Hasuki wala hasukwi. Anapitiliza hadi kwenye tangi, anainama, anaguna. Na huo mkoba! Mkoba wa sokoni mtu anaukumbatia hivyo, una nini?

"Wifi yako ana nini na lile dude?" mteja mmoja aliuliza, kichwa kimevutwa upande.

"Roho mbaya tu," msusi akasema. "Alinipa huku moyo haujaachia. Anataka life, kaka abaki wake peke yake."

Alilisema hilo akiliamini. Kaka ndiye aliyemlea. Tumbawe likifa, hana tena kitu chake chenye uhai.

Akaongeza bidii ya usafi. Saluni kwake kitana hakiingii kichwa cha pili bila maji ya moto, sembuse tangi la kaka! Kila wiki aliyatoa mawe, akayachemsha, akayasugua hadi yakawa meupe pee. Tumbawe likazidi kunywea. Ehe, akajisemea, huyu mwanamke ananizidi mbio.

Ikabidi amtege. Asubuhi aliaga kwamba anakwenda kununua rasta, akazungukia mlango wa nyuma, akajibanza kwenye pazia la pale wanapooshea nywele. Wifi akaingia, akatazama huku na huku, mwizi mtupu! Akachomoa chupa mkobani, akamimina tangini.

"Nimekukamata!" Pazia liling'oka na fimbo yake. "Muuaji wee! Kaka yangu alikukosea nini?"

Wateja waligeuka wote. Wifi aliinua chupa wote waione. "Ni maji ya tangi la kaka yako," alisema. "Nilidhani limeyazoea. Nikaona nikiomba ruhusa utasema nakufundisha." Kisha akachungulia ndani. "Mbona mawe meupe hivi? Nilikupa meusi, yenye utelezi."

"Yalikuwa machafu. Huwa nayachemsha."

"Unayachemsha?" Wifi aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Wifi, ule utelezi ndio ulikuwa hai. Ndio unaokula uchafu wa samaki, maji yasigeuke sumu. Kaka yako aliukuza miaka."

Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala ya kuomba radhi, akainama kuokota fimbo ya pazia. Wifi alitoka, akarudi mchana na ndoo. Ndani mlikuwa na jiwe kubwa, jeusi, la katikati ya tangi la kaka alilobaki nalo. Akalizamisha polepole karibu na tumbawe.

"Usiliguse. Maji badilisha kidogo kidogo, basi." Akaenda zake bila kuaga.

Msusi akakaza roho, mikono ikimwasha kwa hamu ya kusugua. Kioo kikaota ukijani, wateja wakamtania, akavumilia. Hatimaye asubuhi moja akakuta tumbawe limesimama. Kidole kimoja kikachungulia, kikafuata kingine, mara likachanua lote. Msusi alilia mbele ya mteja bila haya, akapiga simu.

"Wifi! Limepona! Njoo uone, njoo sasa hivi!"

"Alhamdulillah. Litunze."

"Kwani huji?"

"Nilikuwa nakuja kila siku kwa sababu nilidhani hapo kuna mtu anayemlilia kaka yako pamoja na mimi," wifi alisema, kwa upole uliomchoma msusi kuliko matusi. "Kumbe muda wote ulikuwa unanivizia."

Akakata simu.