Kifuniko Si Kazi Yetu

Msiniletee habari za vitamini, nimezichoka. Miaka yote hii nimekaa kwenye dirisha lilelile, hapa Minneapolis, nikisoma lebo za chupa za watu. Wazee walio kwenye utafiti wetu wa lishe hutuletea mifuko ya vidonge wanavyomeza, nasi tunakipa kila kiambato namba yake. Kampuni moja inaandika vitamini C, nyingine inaandika asidi askobiki, ya tatu inabuni jina refu la kutishia watu. Sisi majina yote hayo tunayapa namba moja, kompyuta ijue ni kitu kilekile. Kazi ndiyo hiyo, na haijawahi kumpa mtu sifa.

Mkubwa wetu alikuwa Ardis Tveit, na huyo mama alikuwa na ulimi, we acha tu! Siku yangu ya kwanza aliniambia, "LaVonne, hapa tunasoma lebo. Kifuniko si kazi yetu." Ukifungua chupa, alisema, utaanza kukisia: hiki cha njano sijui nini, hiki kimevunjika. Kukisia alikuchukia kuliko baridi ya Januari. Chupa zilipita mezani kwetu mwaka baada ya mwaka, wala hakuna aliyefungua hata moja.

Kitu kingine alichokichukia ni vitamini za kutafuna, zile laini zenye umbo la dubu. Namba alizipa, kwa sababu kazi ni kazi, lakini mdomo haukufungwa. Siku moja mzee mmoja alileta chupa ya dubu, na Norbert, mumewe Ardis, alikuwa amekuja kumletea mkewe chakula cha mchana. Norbert alikuwa fundi bomba mstaafu, mpole mpaka unamwonea huruma. Ardis akainyanyua ile chupa juu.

"Norbert, hebu tazama! Mtu mzima na meno yake ya bandia, anatafuna dubu!"

"Labda vile vikubwa vinamkwama kooni, mke wangu," Norbert akasema.

"Vinamkwama wapi? Meza na maji, yaishe. Kudeka tu huko!"

Sote tukacheka, naye Norbert akacheka. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu, nikadhani ni baridi ya nje.

Sasa, Norbert alikuwa na vali ya chuma moyoni, kilango cha damu alichowekewa na madaktari. Kila siku alimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ina mgomvi wake, vitamini K, ambayo kazi yake ni kusaidia damu kuganda. Multivitamini ya wazee aliyomeza Norbert, kidonge kikubwa chenye vitamini nyingi, ilikuwa nayo, na daktari alimpangia kipimo cha dawa akilijua hilo. Akimeza vyote viwili kila asubuhi, mambo yanakaa sawa. Akiiacha vitamini, dawa inabaki peke yake uwanjani na damu inakuwa nyepesi kama maji. Ardis aliyajua haya kuliko sala zake. Chupa aliinunua mwenyewe, akaiweka karibu na birika la kahawa, na kila asubuhi alipotoka kuwasha gari lipate moto, Norbert alibaki jikoni anameza.

Mwezi wa pili, muuguzi wa kliniki akampigia simu Ardis kazini. Damu ya Norbert imekuwa nyepesi kidogo. Je, kuna kilichobadilika, chakula au vidonge? Mwingine angejibu palepale. Ardis akasema subiri, na kesho yake akaja na chupa yenyewe kwenye mkoba. Alivaa miwani, akaisoma lebo yote kwenye simu, kiambato kwa kiambato, na sisi tukimsikiliza kwa fahari.

"Hakuna kilichobadilika, binti yangu," akamwambia muuguzi. "Nimemuuliza mwenyewe, anasema vilevile. Na chupa hii hapa, nimeishika mkononi."

Basi, muuguzi akasema watampima tena wiki inayofuata.

Haikufika. Norbert alitoka kuchukua barua, akateleza kwenye barafu, akagonga kichwa. Akainuka, akajifuta theluji, akala hata mkate wake. Jioni maneno yakaanza kumponyoka mdomoni.

Nilimkuta Ardis hospitali asubuhi, na koti la jana. Daktari alikuwa kijana, amechoka, lakini alisema kwa upole. "Mama, damu inavuja ndani ya kichwa. Tumempa dawa ya kuigandisha, ila tulichelewa kidogo, na alikuja damu ikiwa nyepesi kupita kiasi. Sielewi imefikaje huko. Hakuacha vitamini zake?"

"Hakuacha," Ardis akasema. "Nitakuletea chupa uisome mwenyewe!"

Nikamwendesha mpaka kwake. Njia nzima alinitajia viambato, kimoja kimoja na namba yake, nami nikamwacha. Jikoni kikombe cha Norbert kilikuwa bado kwenye sinki. Ardis akaikamata ile chupa, akaiingiza mkobani, akageuka kuondoka.

Sijui nilipigwa na nini. Labda ni kwamba ilipoangukia mkobani haikulia. Chupa ya vidonge hulia, jamani, hata mtoto anajua.

"Ardis, fungua."

"Nifungue nini? Lebo si hii hapa?"

"Fungua, dada yangu. Nakuomba."

Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akafungua, akaipindua juu ya kiganja. Hakikutoka kitu. Akaigonga mezani, na dubu wakadondoka bonge zima, wekundu, wa njano, wa kijani, wamegandamana kwa joto la birika. Aina ile tuliijua sote wawili, tena kwa namba. Haina vitamini K hata chembe.

Ardis akaketi sakafuni na koti lake. Nikaketi naye. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

"Vilikuwa vinamkwama," akasema. "Aliniambia mbele yenu wote. Alisema labda vinamkwama."

"Angekueleza vizuri, Ardis. Mtu na mke wake."

Akabandua dubu mmoja mwekundu kwenye lile bonge, akamtia mdomoni, akamtafuna polepole machozi yakimtoka. Simu yake ikaanza kuita ndani ya mkoba. Ilikuwa namba ya hospitali, niliiona. Hakuipokea.

"Ningemcheka," akasema. "LaVonne, angeniambia, ningemcheka."