Kisu Kilichokula Macho

"Wako saba," alisema Afande Moreen, akifungua mlango wa uani pale kituoni. "Tembea polepole. Ukimwona mtu wako, mguse begani. Basi."

Odero, fundi viatu wa Kyebando, alitoka juani kofia ikiwa mkononi. Kilichomleta ni simu yake. Wiki iliyopita, saa moja ya jioni, alikuwa anafunga meza yake pale kona alipotokewa na mtu mwenye kisu. Hawakusemezana. Mtu yule alichukua simu, akayeyuka.

Simu yenyewe ilikuwa kuukuu, mfuniko wa nyuma umebanwa na mpira aliokata Aluoch, marehemu mkewe, kwenye mpira wa baiskeli. Aluoch hakujua kuandika. Akiwa na neno, alilisema akalituma. "Odero, usisahau chumvi." "Odero, leo rudi mapema, mvua inakuja." Sauti zake zote zilikuwa mle, na mahali pengine duniani hazikuwepo.

"Ukimgusa," Moreen alishamwambia ofisini, "leo leo tunapekua nyumba yake, simu unapata. Usipomgusa, faili nafunga. Nina kazi nyingi."

Akaanza kutembea. Macho hayakumngoja. Yalimruka wa kwanza, yakamruka wa pili, yakaenda moja kwa moja kwa mtu wa nne kama nzi aliyeona kidonda.

Hamdun.

Hamdun aliyekuwa msimamizi wa soko. Huyu ndiye aliyepiga teke beseni la dagaa la Aluoch likaishia mtaroni, kwa sababu wakubwa walikuwa wanapita na barabara ilitakiwa iwe safi. Wakubwa wenyewe hawakushusha hata kioo cha gari. Aluoch aliinama kwenye mvua akiokota dagaa mmoja mmoja, na mwezi haukuisha, kichomi kikamchukua. Baadaye wakubwa walimtupa Hamdun naye, kama wanavyotupa kila kilichowatumikia. Sasa alikuwa amekamatwa kwa sababu watu wawili walimwona akipita kona ile jioni ile.

Odero alifika mwisho wa mstari, akageuka. Hakuweza kusema kama mtu wa saba alikuwa mrefu au mfupi. Alirudi mbele ya Hamdun. Moyo ulikuwa unampiga kama nyundo kwenye soli ngumu.

"Wewe mzee, tazama sura!" Moreen alifoka. "Hapa hakuna viatu vya kushona."

Watu wakacheka. Hamdun hakucheka. Jasho lilimtoka puani.

"Gusa basi, fundi," alisema chini chini. "Siku nyingi ulitaka."

Mkono wa Odero ukainuka. Siku ya kuandika maelezo alisema, "Nilimwona vizuri," maana ukiwaambia polisi hukuona, wanakufukuza kama kuku kwenye mtama. Sasa alifumba macho ili aiweke sura ya Hamdun juu ya kile kisu. Kisu kilikuja mbio, chote: ubapa wa msumeno wa chuma ulionolewa, ncha imemeguka kama jino la mtoto, mpini umefungwa mpira mweusi kwa uzi wa kijani, mafundo matatu, la katikati limelegea. Fundi mwenzake angekidharau. Alikumbuka hata doa la gundi.

Kwa mawazo akapanda juu ya kisu, atafute mkono. Hakuna. Akapanda tena, atafute kidevu. Giza tupu. Hofu ilikuwa imeyapigilia macho yake misumari kwenye bati lile, na leo hasira ilitaka kuyapigilia kwa Hamdun.

Ilibaki shubiri moja tu kufika begani. Shubiri moja, na Aluoch angesema tena habari ya chumvi.

Akaushusha mkono.

"Afande, sura sikuiona."

"Banange, jamani! Uliandikisha uliona vizuri!"

"Niliona kisu vizuri. Nipangie visu."

Kicheko kikavuma ua mzima. Moreen hakucheka; alikasirika. Aliingia ndani, akarudi na sanduku la vitu vilivyonyang'anywa watu, akalimwaga juu ya benchi kwa kishindo. "Haya, mzee wa visu! Tuone basi."

Visu vilikuwa kama kumi na viwili. Hata havijatulia, Odero alishachomoa kimoja. Ncha imemeguka. Uzi wa kijani. Fundo la katikati limelegea.

Moreen akasoma namba ya mahabusu iliyofungwa kwenye mpini. Akaisoma tena. Kisha akainua kichwa, akamtazama mtu wa saba, yule aliyekamatwa Jumapili kwa kupigana baa, akatolewa leo kujaza mstari tu. Mtu yule alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Kale, haya," alisema Moreen polepole. "Na wewe mzee umempita mara mbili."

"Nimempita," alisema Odero. "Na nyinyi mmemlaza hapa siku nne, huenda hata simu iko sandukuni mwenu."

Moreen alitafuta bahasha yenye namba ile ile, akaipasua. Simu tatu zikateleza kwenye benchi, na moja ilikuwa imebanwa na mpira wa baiskeli.

Odero aliichukua kwa mikono miwili. Akabonyeza. Kioo kilikaa cheusi, akabonyeza tena, hata kikawaka kidogo, betri nyekundu ikichungulia.

Hamdun alikuwa amefunguliwa. Alikuja akasimama karibu yake, akasema neno kuhusu Aluoch na lile beseni, akanyoosha mkono, akaungoja upokewe, halafu akaurudisha mfukoni na kwenda zake.

Odero hakumwona. Alikuwa anatazama alama nyekundu, akiomba isizime kabla sauti haijaanza.